Damu isipimwe kwa pishi ya wengine

Wakata mikoko wa Lamu wana mizani yao ambayo hawakuandikiwa na mtu. Miti waitoayo msituni huipanga kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kisha huihesabu kwa korija, miti ishirini kwa kila korija. Kila daraja ina kazi yake katika ujenzi wa nyumba. Sijapata kumsikia mkata mikoko hata mmoja akisema kwamba pau ni boriti iliyopungua. Pau ni pau, nayo ina mahali pake ambapo boriti haifai.

Mimi ni mzaliwa wa Mkokoni, kijiji cha wavuvi wa Kibajuni kilichoko pwani ya bara, mkabala wa kisiwa cha Kiwayu, na jina la kijiji chetu lenyewe ni la mti huo. Nimefundisha baiolojia kwa miaka mingi. Hata hivyo, ninalotaka kuwaeleza walimu wenzangu na wanafunzi wetu leo si habari ya miti. Ni habari ya damu, na ya mtoto wa dada yangu ambaye nusura aharibikiwe maisha kwa sababu ya alama moja ndogo katika karatasi ya maabara.

Mwaka 2022 mpwa wangu alipata nafasi katika chuo kimoja cha ufundi. Kama ilivyo desturi, aliambiwa alete cheti cha afya. Alisafiri kwa mashua, akapimwa, akarudi na karatasi. Katika mstari wa neutrofili, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu zilizo mbele katika kupambana na bakteria, palikuwa na tarakimu 1,100 kwa kila mikrolita. Pembeni palichapwa kiwango cha kawaida, kilichoanzia 2,000, na tarakimu ya kijana ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu. Mwenyewe hakuwa na homa, kikohozi wala kidonda. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa baharini akivuta jarife na wenzake tangu alfajiri.

Wino ule ulitosha. Alipimwa virusi vya ukimwi mara mbili, na mara zote mbili hakuonekana navyo. Akapimwa kifua kikuu. Kisha akaambiwa kwamba huenda ni saratani ya damu, aende Mombasa akatobolewe mfupa ili uboho wake uchunguzwe. Dada yangu aliuza bangili za dhahabu alizoachiwa na mama yetu. Kijijini nako minong'ono ilianza, na kabla ya mwezi kuandama mkoko ukaalika maua: wazee waliokuwa wakimkaribisha kijana chai barazani walianza kutafuta visingizio. Chuo nacho hakikungoja. Muhula ulifunguliwa, na nafasi yake akapewa mwingine.

Mombasa tulimkuta daktari bingwa mmoja, mtu mzima wa maneno machache. Kabla ya kushika sindano aliuliza swali ambalo hakuna aliyetuuliza: je, kijana huyu alipata kupimwa damu zamani, alipokuwa hana neno? Dada yangu akafungua mfuko anaowekea makaratasi ya wanawe. Palikuwa na cheti cha mwaka 2018, mwaka alioingia kidato cha kwanza. Neutrofili: 1,200. Daktari akamwomba mama naye atoe damu kidogo. Neutrofili: 1,300. Sindano ya uboho ikawekwa kando.

"Mwalimu," akaniambia, "mpwa wako ni mzima. Kilicho kigonjwa ni hii karatasi."

Ndipo aliponieleza habari za jeni iitwayo Duffy, nami nikaona haya. Miaka yote hiyo nimewafundisha watoto urithi kwa njegere za Mendel, ambazo wengi wao hawajaziona zikichanua, kumbe mfano ulio bora zaidi ulikuwa ukipita katika mishipa ya damu yao wenyewe.

Jina la Duffy ni la mgonjwa. Mwaka 1950 madaktari wa Uingereza walichunguza damu ya mtu mmoja mwenye jina hilo, aliyekuwa na maradhi ya damu kutoganda na ambaye alikuwa ametiwa damu ya watu wengine mara kadhaa. Mwilini mwake waliona kingamwili zilizoshambulia alama fulani iliyo juu ya chembe nyekundu, alama ambayo haikujulikana kabla ya hapo. Mwaka 1955 ikatangazwa kwamba wengi wa Wamarekani weusi waliopimwa hawakuwa na alama hiyo kabisa. Mwaka 1968 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Roger Donahue, alitazama kromosomu zake mwenyewe kwa hadubini, akaona kasoro katika ile ya kwanza, akaifuatilia kwa jamaa zake pamoja na damu yao, na hivyo akaonyesha kwamba jeni ya Duffy imo katika kromosomu ya kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jeni ya binadamu kujulikana mahali pake katika kromosomu isiyo ya jinsia. Wanafunzi na walikumbuke hilo: aliyeligundua alikuwa mwanafunzi mwenzao, na alianza kwa kujichunguza mwenyewe.

Je, jeni hii hufanya kazi gani? Mwili unapojeruhiwa au kuingiwa na vijidudu, sehemu iliyopata madhara hutoa protini ndogo ndogo ziitwazo kemokini. Hizo ni kama mlio wa baragumu: chembe nyeupe zikizipata, hufuata njia mpaka zifike penye shida. Protini inayotokana na jeni ya Duffy, ambayo wataalamu siku hizi huiandika ACKR1, hunasa kemokini hizo. Vipokezi vingi vya aina yake vikinasa kemokini, hupeleka habari ndani ya seli ili seli iondoke na kusafiri. Hiki cha Duffy hakifanyi hivyo. Kinafanana na karani wa bandarini anayepokea barua za watu bila ya kuzifungua. Juu ya chembe nyekundu huziweka ghalani, zisizagae kila mahali. Katika kuta za vijishipa vya damu huzivusha kutoka upande wa nje hadi upande wa ndani, ambapo chembe nyeupe zipitazo huziona na kusimama. Kwa ufupi, ni protini isiyopiga baragumu wala kuitikia, lakini ndiyo inayoamua mlio usikike wapi na kwa kiasi gani.

Katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Sahara, karibu kila mtu hana protini hiyo juu ya chembe nyekundu. Mwaka 1995 wachunguzi wa Paris walionyesha sababu yake: herufi moja tu ya jeni imebadilika, nayo imo katika sehemu inayowasha jeni ndani ya chembe zinazotengeneza damu nyekundu. Taa ya chumba kimoja imezimwa; vyumba vingine, kama vile kuta za vijishipa, vinaendelea kuwaka.

Kwa nini mabadiliko haya yakaenea kwetu namna hii? Kwa sababu ya malaria. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba kimelea cha malaria kiitwacho vivax hutumia protini ya Duffy kama mlango wa kuingilia chembe nyekundu. Asiye na mlango haingiliwi kwa urahisi. Kwa makumi ya maelfu ya miaka kinga hiyo iliwapa waliokuwa nayo nafasi kubwa zaidi ya kuishi na kuzaa. Ndiyo maana vivax ni ya kawaida Ethiopia, ambako wengi wana protini hiyo, na ni nadra kwetu. Lakini mwanafunzi asije akadhani kwamba amekingwa na malaria zote. Falsiparamu, ambayo ndiyo inayoua watoto wetu wa pwani, ina milango mingine na haiijali Duffy hata kidogo. Tena uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu Kenya magharibi, na mwingine wa mwaka 2010 kuhusu Madagascar, ulitoa ushahidi kwamba hata vivax yaweza kuwaingia watu wasio na alama ya Duffy. Chandarua kibaki palepale.

Sasa turudi kwenye karatasi ya mpwa wangu. Mwaka 2009 kundi la wachunguzi lililoongozwa na David Reich lilionyesha kwamba herufi hiyo hiyo moja ndiyo sababu ya neutrofili kuwa chache katika damu ya Wamarekani wenye asili ya Afrika. Mwaka 2017 wengine wakaeleza namna inavyotokea: protini ya Duffy ikikosekana katika chembe changa nyekundu zilizo ndani ya uboho, neutrofili hukua kwa namna tofauti kidogo, na hutoka katika damu kwa wepesi zaidi kwenda kukaa katika viungo. Askari wapo, ila hawako barabarani ambako sindano huwahesabu. Wako vituoni mwao. Ndiyo maana mwenye hali hii haugui maambukizo zaidi ya jirani yake, na uboho wake hauna kasoro. Kwa muda mrefu vitabu vya udaktari viliita jambo hili upungufu. Tangu mwaka 2021 baadhi ya madaktari wamependekeza liitwe kwa jina lisilotaja upungufu wowote, kwa hoja kwamba idadi ambayo ni ya asili kwa mamilioni ya watu wazima wa afya haiwezi kuwa upungufu. Pau, kwa maneno mengine, si boriti iliyopungua.

Jambo hili si la mabishano ya wasomi tu. Mgonjwa wa saratani anaweza kucheleweshewa dawa, au kupunguziwa, kwa sababu neutrofili zake hazikufika kiwango ambacho hazikuwa nacho hata alipokuwa mzima. Mgonjwa wa akili anaweza kunyimwa klozapini kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilirekebisha masharti ya dawa hiyo ili watu wenye neutrofili chache za asili waweze kuitumia. Kijana mzima anaweza kukataliwa kujitolea katika majaribio ya chanjo, na chanjo hiyo baadaye ikaletwa kwa watu ambao damu kama yao haikujaribiwa. Na mtoto wa mvuvi wa Mkokoni anaweza kupoteza nafasi ya chuo.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba habari hizi hazikukosekana nyumbani. Mwaka 2008 vilichapishwa viwango vya damu vya watu wazima wenye afya wa Kericho. Mwaka 2009 vikachapishwa vingine, vilivyotokana na watu wa Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Vyote vilionyesha kwamba neutrofili za watu wenye afya katika nchi hizi huwa chini ya viwango vya Marekani. Miaka 13 baadaye, karatasi iliyomhukumu mpwa wangu ilikuwa bado imechapwa pishi ya watu wengine, bila hata neno moja la kueleza kwamba pishi hiyo ni ya nani.

Hapo baadhi ya wasomaji watasema: basi na tutupe viwango vya Wazungu, tuwe na viwango vya Waafrika, na jambo limekwisha. Mimi nasema halijaisha, na sababu yake inapatikana Lamu kwenyewe.

Mwezi Machi mwaka 2023 lilichapishwa jarida lenye uchunguzi wa jeni za kale za Waswahili, ulioshirikisha Profesa Chapurukha Kusimba na yule yule David Reich. Watu 80 walichunguzwa, na baadhi ya mifupa hiyo ilitoka Manda na Faza, majirani zetu. Ilionekana kwamba kuanzia mnamo mwaka 1000 watu wa pwani walianza kuchanganya damu ya pande mbili: ya Afrika, iliyopitia hasa kwa akina mama, na ya Asia, iliyotoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi. Jahazi za kaskazi na kusi hazikubeba tende na boriti peke yake. Ng'ambo ya pili vilevile, mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba Wamakrani wa Pakistan, ambao baadhi ya wahenga wao walichukuliwa kutoka Afrika kwa biashara ya utumwa, wamebaki na herufi ya Duffy ya Kiafrika, na kwamba imezidi kuenea miongoni mwao kwa kuwa huko vivax iko.

Maana yake ni nini? Ni kwamba katika nyumba moja ya Kiswahili, watoto wa baba na mama mmoja wanaweza kutofautiana. Neutrofili huwa chache waziwazi kwa mtu aliyerithi herufi hiyo kwa pande zote mbili. Baba akiwa na nakala moja na mama akiwa na nakala moja, kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na zote mbili. Rangi ya uso haitaonyesha ni yupi. Jina la ukoo halitaonyesha. Daktari atakayemtazama mtu wa Lamu na kukisia hesabu ya damu yake kwa kabila lake atakuwa amefanya kosa lile lile kwa mlango wa nyuma. Na siku moja atamwambia "ni asili yako" mgonjwa ambaye chembe zake zimepungua kweli kwa maradhi. Kwa hiyo dai langu ni moja: apimwe mtu, isikisiwe nasaba yake.

Na nasaba yenyewe tusiigeuze fimbo. Pwani tumeshapoteza miaka mingi tukibishana nani Mwarabu na nani Mwafrika. Jeni ya Duffy haimpi mtu cheo wala haimvui. Inaeleza tu ni malaria gani iliyowaandama babu zake.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila karatasi ya maabara ieleze kiwango chake kimetokana na damu ya watu gani, na maabara za hapa nchini zitumie viwango vilivyopimwa kwa watu wa hapa. Pili, kabla ya mgonjwa kuachishwa dawa au kutobolewa uboho kwa sababu ya neutrofili chache peke yake, aulizwe matokeo yake ya zamani, na hospitali kubwa ziwe na kipimo cha Duffy. Si jambo la ajabu. Kwa dawa zinazohitajika, alama hii hutambuliwa kwa njia inayofanana na ile ya kujua kundi A, B au O. Tatu, chuo kisimfungie mtu mlango kwa tarakimu moja bila ya maoni ya daktari aliyemtazama mwenye tarakimu hiyo.

Najua nitakachojibiwa: kwamba Mkokoni inahitaji mashua ya wagonjwa na dawa za kutosha kabla ya kuzungumza habari za jeni. Ni kweli, na mimi ni wa kwanza kuvidai. Lakini hesabuni gharama ya safari zetu za kwenda na kurudi Mombasa, vipimo viwili vya ukimwi, cha kifua kikuu, bangili za dada yangu na mwaka mmoja wa kijana. Umaskini si hoja ya kupimwa vibaya. Aliye maskini ndiye asiyeweza kulipia kosa la kipimo.

Walimu wenzangu, nasi tuna sehemu yetu. Njegere za Mendel zibaki, lakini somo la urithi lisiishie bustanini. Mwanafunzi akionyeshwa jinsi herufi moja ilivyofunga mlango wa vivax, ikapunguza neutrofili katika damu, ikasafiri kwa bahari na kuzua ubishi wa madaktari, hatausahau urithi maishani mwake. Pia tuwafundishe watoto jambo dogo ambalo lilimwokoa mpwa wangu kuliko sayansi yote niliyoitaja: kuyaweka makaratasi yao ya hospitali. Kipimo kilicho bora kuliko vyote kwa mtu ni damu yake mwenyewe alipokuwa mzima.

Kijana aliomba upya mwaka uliofuata na akapokewa. Cheti chake kipya kina tarakimu 1,150, na chini yake daktari ameandika kwa mkono: hii ndiyo kawaida yake. Dada yangu amekitia katika ule mfuko wake pamoja na vingine. Bangili hazikurudi.